Somo: Picha ya Inakale na Alama Zake

Katika miaka ya 1970 watu wengi wa miji ya Kongo walitundika nyumbani mwao picha iitwayo Inakale. Mara nyingi ilichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Mtu amepanda mti kando ya mto. Tawini nyoka anamjia; chini simba anamngoja; majini mamba amefungua kinywa. Pa kukimbilia hapana.

Je, mchoraji alitaka kufundisha habari za wanyama? Sivyo. Alama ni kitu kionekanacho kwa macho, nacho chaipeleka akili kwa jambo lisiloonekana. Hata katika Ubatizo macho yaona maji, na imani yajua kwamba roho yaoshwa kweli. Basi wanyama wale ni alama za taabu za kila siku: deni, ugonjwa, chuki ya jirani, udhalimu wa mwenye nguvu. Wakati wa vita vya Ituri, miaka ya 1999 hadi 2003, wengi katika Bunia na vijiji vyake walijua maana ya kubanwa hivyo pasipo kufundishwa.

Mbali sana, katika nchi ya Meksiko, Wakristo nao huchora taabu zao juu ya vipande vidogo vya bati: mgonjwa kitandani, mtu aliyeangushwa na farasi. Lakini juu, mawinguni, humweka Bikira Maria au mtakatifu. Na chini huandika shukrani, pamoja na jina, mahali na tarehe. Kisha huitundika picha kanisani.

Tofauti ni hii: katika Inakale mtu yu peke yake, na akiinua macho aona nyoka tu. Katika picha ya bati mbingu zi wazi. Mkatekumeni aliyebanwa hushawishika kukimbilia hirizi na mpiga ramli. Afanyaye hivyo amemkimbia simba na kujitupa kinywani mwa mamba.

Wala asidhani kwamba kila asaliye huondolewa hatari. Bwana Yezu alizungukwa na adui zake, akafa msalabani. Siku ya tatu akafufuka. Hapo ndipo penye tumaini la Mkristo.

Maswali
1. Alama ni nini?
2. Picha za Meksiko zina nini ambacho Inakale haina?
3. Mkristo aliyebanwa pande zote afanye nini?

Azimio la juma: Kila jioni mkatekumeni amtajie Mungu taabu moja na shukrani moja.