Punje za al-Biruni

Wengi wetu wa masomo ya Kiislamu tunaikimbia hesabu, tukiwaachia wenzetu wa sayansi. Al-Biruni, aliyepiga hesabu ya mwelekeo wa kibla kutoka mji wa Ghazna, hakuikimbia. Takriban mwaka 1000 aliliandikia swali hili la kale: ubao wa sataranji una vyumba 64, cha kwanza kina punje moja, na kila kinachofuata mara mbili ya kilichotangulia. Jumla?

18,446,744,073,709,551,615.

Hakujumlisha chumba kwa chumba. 1+2+4 ni 7, na chumba kinachofuata kina 8. Daima jumla hupungukiwa na moja tu. Kwa hiyo tafuta chumba cha 65, kama kingekuwepo. Cha 5 kina 16. Zidisha 16 kwa yenyewe: 256, chumba cha 9. Tena: 65,536, cha 17. Tena: 4,294,967,296, cha 33. Mara moja zaidi, umefika cha 65. Toa moja. (Tumia kalamu, kikokotoo cha simu huenda kikaikata mkia.)

Sasa rudi kwenye hatua zile, uongeze moja kila mahali: 17, 257, 65,537, 4,294,967,297. Zote zinaigawa jumla ile bila baki. Zizidishe pamoja, kisha mara 15, utaipata yenyewe.