Kutoka Jarubani hadi Kumbukumbu ya Kompyuta

Mtoto wa Chekereni hulifahamu jaruba la mpunga kabla ya kuifahamu kompyuta. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987, umemzoesha mifereji na kingo za udongo. Mwalimu anayeanza somo la kumbukumbu ya kompyuta kwa maneno ya kukariri humwacha mtoto huyo nje ya mlango. Yafaa tuanzie shambani.

SHABAHA. Mwanafunzi aweze kueleza jinsi chipu inavyohifadhi maagizo bila umeme, na kwa nini chipu za zamani zilifutwa kwa pamoja.

MAARIFA YA MWALIMU. Mwaka 1971 Dov Frohman, mhandisi wa kampuni ya Intel ya Marekani, alivumbua chipu iliyoweza kuandikwa, kufutwa na kuandikwa tena. Baadaye mvumbuzi huyo alifundisha uhandisi huko Kumasi, Ghana. Chipu ya kwanza, Intel 1702, ilikuwa na biti 2,048, yaani nafasi ya herufi 256. Ndani ya kila seli mna kisiwa kidogo kilichozungukwa na kihami. Volti kubwa huziingiza elektroni kisiwani. Umeme ukikatwa, hubaki humo miaka mingi. Ili kuziondoa, chipu humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno kupitia kidirisha cha kioo maalumu kwa dakika 20 hivi. Katika chipu nyingi za aina hii, seli yenye elektroni husomwa 0. Seli tupu husomwa 1.

ZANA. Vifuniko 8 vya chupa, maji na ubao.

HATUA
1. Panga vifuniko mstari mmoja. Waeleze wanafunzi kuwa hayo ni majaruba: kavu ni 1, lenye maji ni 0.
2. Waandike herufi C, ambayo ni 01000011, kwa kutia maji katika kifuniko cha kwanza na cha tatu hadi cha sita.
3. Waulize: tufanyeje iwe A, yaani 01000001? Watagundua kuwa kujaza kifuniko cha saba kwatosha.
4. Sasa wairudishe A iwe C. Atakayetaka kumwaga kifuniko kimoja, mzuie. Jua halikaushi jaruba moja likaacha la jirani. Hawana budi kuvianika vyote, kisha waandike upya.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu, awaache wabishane.

TAHADHARI. Kila mfano una mpaka wake. Maji hukauka upesi, lakini chipu huhitaji takriban wiki moja ya jua kali ili ifutike. Kwa sababu hiyo mafundi walibandika karatasi juu ya kidirisha. Taa ya urujuanimno isiletwe darasani, kwani hudhuru macho na ngozi.

HITIMISHO. Siku hizi simu hutumia kumbukumbu inayofutwa kwa umeme badala ya mwanga. Hata hivyo bado elektroni ndizo zinazonaswa, na bado hufutwa kwa mafungu. Swali la kupima: kwa nini fundi wa zamani alihakiki maagizo yake kwanza kabla ya kuyaandika katika chipu? Mwanafunzi akijibu kuwa sifuri moja iliyokosewa ingemlazimu kufuta kazi yote, amelielewa somo, hata kama hajapata kuishika chipu.