Kisima Penye Kituo cha Zamani cha Mafuta

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja aliyekuja kliniki. Familia yake imenunua kiwanja mahali palipokuwa na kituo cha petroli. Pampu zimekwisha kung'olewa na nyasi zimeota. Sasa wanataka kuchimba kisima. Akatuuliza: "Nesi, maji nitayachemsha. Kuna ubaya gani?"

Siku zote tunawafundisha kuchemsha maji, na fundisho hilo hatulifuti. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini mafuta si kijidudu. Usitegemee moto kuyaondoa, maana mvuke wake hujaa jikoni na mama huuvuta pamoja na mtoto aliye mgongoni. Dawa ya klorini nayo haiyaondoi.

Mafuta hufikaje majini?

Matangi ya zamani yalikuwa ya chuma, yakafukiwa ardhini. Chuma hushika kutu na kutoboka. Tone kwa tone, petroli hupenya udongo hadi ikutane na maji ya ardhini. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake. Sehemu yake huyeyuka na kusafiri na maji hayo hadi visima vya jirani. Kituo hufungwa, lakini mafuta hubaki udongoni miaka mingi.

Nchini Marekani, uvujaji wa namna hii umethibitishwa mahali zaidi ya 500,000 tangu miaka ya 1980. Mji wa Santa Monica, California, ulilazimika kufunga visima vyake vingi mwaka 1996, kwa sababu dawa iliyochanganywa katika petroli, iitwayo MTBE, ilikuwa imeingia majini. Ilivuja kutoka matangi na mabomba ya vituo vya mafuta.

Madhara yake ni yapi?

Ndani ya petroli mna benzeni. Mtu akiipata kwa muda mrefu, huharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Huleta upungufu wa damu na saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Pua huanza kusikia harufu ya benzeni majini ikiwa imefika kama mara 1,000 ya kiasi hicho. Kwa hiyo maji yasiyonuka si lazima yawe salama.

Tena, petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa watoto. Nchi zetu ziliiacha kufikia mwaka 2006.

Uchunguzi hufanywaje?

1. Kuuliza historia. Wazee na wafanyakazi wa zamani huulizwa: matangi yalikuwa mangapi, yalikaa wapi, je, yalifukuliwa?

2. Kutazama mahali. Hutafutwa vifuniko, mabomba ya kupumulia na udongo mweusi wenye harufu.

3. Kupima udongo. Mafundi hutoboa ardhi na kuchukua udongo wa vina mbalimbali. Hufungwa vizuri, huwekwa penye baridi na kupelekwa maabara upesi, kwa sababu benzeni huruka hewani.

4. Kupima maji. Huchimbwa visima vyembamba, visivyopungua vitatu, ili kujua maji ya ardhini yanaelekea upande gani.

5. Kurudia. Maji hupanda wakati wa masika na kushuka kiangazi, hivyo kipimo kimoja hakitoshi.

Tumemshauri nini mama yule?

Asichimbe kwanza. Amwone Bwana Afya na ofisi ya maji ya wilaya, aeleze wazi kuwa palikuwa na kituo, na aombe maji yapimwe mafuta, si vijidudu peke yake. Kama kisima kipo tayari na kinanuka, maji hayo yasinywewe, yasipikiwe wala kuogeshea watoto. Mtu asiingie kisimani, wala asimulike kwa kiberiti: mvuke unaweza kulipuka.

Alisikitika, maana fedha ya kuchimba ilikuwa tayari mkononi. Lakini heri kuchelewa kupata kisima kuliko kuwanywesha watoto sumu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni wapi palipokuwa na kituo cha mafuta, karakana au kinu cha dizeli?

2. Ni visima gani viko karibu napo, na nani hunywa maji yake?

3. Nani kati yetu atapeleka habari hiyo kwa Bwana Afya?