SOMO: KUPIGA FOTO YA KITU KIDOGO KWA KARIBU

Baba na mama, nanyi ndugu mnaorudi mugini kutoka migodi ya shaba, sikilizeni somo hili. Mimi ni kijana, lakini kazi yangu ni kufundisha mambo ya shamba, na neno hili nililijua kwa kukosa kwanza.

Wengine wenu mna mashini ya foto. Mwapiga foto ya arusi, ya mtoto, ya nyumba mpya. Ni vema. Lakini mashini ile ile yaweza kufanya kazi ya shamba. Yaweza kuonyesha ugonjwa wa mihogo kwa mtu anayekaa mbali, anayejua jina lake na dawa yake. Tena yafaa kuliko kumpelekea kijiti cha muhogo mgonjwa, kwa maana kijiti kinabeba wadudu njiani na kuwaacha katika mashamba ya watu. Foto yabeba habari, haibebi mdudu.

Lakini foto ikiwa mbaya, habari haifiki.

1. Kosa langu

Siku moja mama mmoja aliniita. Akasema: «Mwanangu, ncha za mihogo yangu zinajikunja, nazo zina kitu kama unga mweupe. Nifanye nini?» Nikaenda shambani na mashini. Nikaweka jicho kidirishani, nikaona wale wadudu weupe katikati kabisa. Nikapiga foto sita, nikafurahi.

Filimu iliposafishwa, tukatazama. Foto mbili zilionyesha udongo mtupu. Tatu zilikuwa kama moshi. Ya sita ilionyesha vidole vya yule mama wazi kabisa, na jani kando yake kama ukungu. Mama akaniuliza: «Basi mkono wangu ndio wenye ugonjwa?» Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana siku nyingi zilikuwa zimepita, na ule unga mweupe ulikuwa umekwisha kuingia katika shamba la jirani yake.

2. Mdudu mdogo, njaa kubwa

Mdudu yule mweupe wa mihogo hafiki milimeta 3. Kwao ni Amerika ya Kusini. Alionekana katika Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenea katika nchi nyingi za Afrika, akaleta njaa. Wataalamu walikwenda Amerika kutafuta adui wake. Kwanza walimpata mdudu mwingine aliyefanana naye sana. Wakachukua maadui za huyo, lakini hazikufaa kwa mdudu wetu. Halafu mdudu mwenyewe akapatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani yake na kumwua. Nyigu huyo aliachiwa mashambani Afrika tangu mwaka 1981, na mihogo ikapona mahali pengi.

Unaona? Wadudu wawili wafananao waliwachelewesha wataalamu. Basi kitu kidogo kinataka kutazamwa karibu na kwa uangalifu.

3. Kwa nini jicho linadanganywa

Mashini ninayoisema ni ile yenye kipima-mbali. Leica na Contax zilikuwa nacho ndani yake tangu mwaka 1932, na nyingine nyingi zilifuata. Ukitazama kidirishani unaona sura mbili za kitu kimoja. Unazungusha lensi mpaka sura mbili zinakuwa moja. Hapo foto itakuwa wazi.

Lakini mashini hii ina macho mawili. Wewe unatazama kwa kidirisha, filimu inatazama kwa lensi. Kitu kikiwa mbali meta 5, macho hayo mawili yanaona karibu jambo moja. Kitu kikiwa karibu sana, kila jicho linaona mahali pake. Jaribu hivi: weka kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha lingine. Kidole kinaruka. Ndiyo sababu foto zangu zilionyesha udongo.

Tena kipima-mbali kina mwisho wake. Kwa mashini nyingi ni meta 1, kwa nyingine santimeta 70. Ukikaribia kupita hapo, sura mbili hazikutani tena. Na ukibaki kwenye meta 1 na lensi ya milimeta 50, foto inachukua mahali penye upana wa santimeta 65 hivi. Mdudu wa milimeta 3 atakuwa nukta tu.

4. Vyombo vya kukaribia

Viko vya namna mbili.

Kwanza, lensi ya kuongeza. Ni kioo kama cha miwani, kinachofungwa mbele ya lensi. Nguvu yake inahesabiwa kwa dioptri. Weka lensi ya mashini kwenye alama ya mbali kabisa, halafu gawanya santimeta 100 kwa dioptri:

Dioptri 1: kitu kikae santimeta 100.
Dioptri 2: kitu kikae santimeta 50.
Dioptri 3: kitu kikae santimeta 33.

Pima kutoka kioo cha mbele mpaka kwenye jani. Kwa lensi ya milimeta 50, dioptri 3 inachukua mahali pa santimeta 16 kwa 24. Inatosha kwa jani zima la sombe. Lensi hii haipunguzi nuru.

Pili, pete ya kurefusha. Inakaa katikati ya mashini na lensi. Kwa lensi ya milimeta 50, pete ya milimeta 25 inafanya mdudu awe nusu ya ukubwa wake juu ya filimu. Jani likae santimeta 15 mbele ya lensi. Lakini pete inakula nuru: utahitaji nuru mara 2 na robo kuliko kipimo kinavyosema. Ukisahau, foto itakuwa giza.

Wenye viwanda nao walilijua tabu hili. Leitz walitengeneza miguu minne ya kusimamisha mashini juu ya karatasi kwa mbali iliyokwisha kupimwa. Mwaka 1956 walitoa lensi Summicron ya milimeta 50 yenye miwani yake, ambayo inasahihisha kidirisha na kipima-mbali mpaka santimeta 48. Mwaka 2003 ilitoka Macro-Elmar ya milimeta 90. Vyombo hivyo ni vya bei kubwa. Sisi tutumie waya na ubao.

5. Fremu ya waya

a) Fanya kazi hii wakati mashini haina filimu. Kama mgongo wake unafunguka, weka karatasi nyembamba inayopitisha nuru mahali pa filimu, ikae sawa sawa. Acha lensi wazi, nuru iingie.

b) Fungia lensi ya kuongeza au pete. Simamisha mashini juu ya meza mbele ya rula. Sogeza rula mpaka namba zake zionekane wazi juu ya karatasi. Sura itakuwa kichwa chini, usishangae.

c) Pima kutoka lensi mpaka rula. Soma pia ni santimeta ngapi za rula zinazoonekana, kwa upana na kwa urefu.

d) Kunja waya kuwa fremu kubwa kidogo kuliko mahali hapo, ili waya usiingie katika foto. Ufunge fremu kwenye ubao mwembamba, nao ubao uufunge chini ya mashini, kwa mbali uliyoipima.

Sasa huhitaji kidirisha wala kipima-mbali. Jani likikaa katika fremu, limo katika foto.

Kama huna fremu, tumia uzi wenye fundo mahali pa kipimo, na miguu mitatu. Tazama kidirishani, uweke mdudu katikati. Halafu pandisha mashini yote mpaka lensi ifike mahali kidirisha kilipokuwa. Kikiwa kando pia, sogeza kando kwa kipimo kile kile. Usiigeuze mashini kuinama, uipandishe tu.

6. Nuru na upepo

Funga tundu la nuru mpaka namba 16. Kwa dioptri 3, namba 16 inaacha kama santimeta 5 wazi, mbele na nyuma. Namba 4 inaacha kama santimeta 1 tu. Kwa pete ya milimeta 25, hata namba 16 inaacha milimeta 6 hivi. Kwa hiyo jani lote likae sawa mbele ya lensi.

Tundu dogo linataka muda mrefu, na upepo hupenda kutikisa jani. Piga asubuhi, upepo ukiwa umelala, na jua limekwisha kupanda. Funga shina kwenye kijiti. Karatasi nyeupe upande wa kivuli inarudisha nuru.

7. Foto tatu, na chupa moja

Piga shina zima kwanza, kwa kipima-mbali. Halafu jani, juu na chini yake. Mwisho mdudu. Weka rula kando ya jani, watu wajue ukubwa. Andika siku, mahali, na aina ya muhogo.

Wala usidhani foto inamaliza kazi. Foto inaonyesha ugonjwa. Jina la mdudu mdogo hivi linataka mdudu mwenyewe chini ya darubini. Mtie katika chupa ndogo ya pombe kali, afe kwanza, ndipo usafirishe. Kijiti kigonjwa kibaki pale pale.

Yule mama tulirudi kwake na fremu. Safari hii alishika jani ndani ya waya, akasema: «Leo usichukue mkono wangu.» Foto ilionyesha ncha iliyojikunja, na wadudu weupe kwenye mshipa wa jani, wa kuhesabika.

MAULIZO

1. Kwa nini jicho lako na filimu haviona mahali pamoja?
2. Lensi ya dioptri 2: jani likae mbali gani?
3. Pete ya kurefusha inadai nini ambacho lensi ya kuongeza haidai?
4. Kwa nini tunapeleka foto, wala si kijiti cha muhogo?

Anayejibu haya yote na ajaribu kesho kwa jani zima lisilo na ugonjwa. Afadhali kukosa kwa jani zima kuliko kukosa siku jirani anapokuita.