Huzuni ya Mama Si Kufuru

Swali: Mwanangu wa miaka 6 ana mtindio wa ubongo. Nimbebapo mgongoni Mtaa wa Swahili, Kariakoo, nawaonea wivu mama wa watoto watembeao. Je, ninakufuru?

Jibu: Hasha, bibi. Huzuni hiyo, irejeayo kila uwaonapo watoto wa rika lake katika sare za shule, si upungufu wa mapenzi, bali ni moyo kumlilia mtoto uliyemtaraji ilhali wampenda huyu uliyejaaliwa, ambaye ubongo wake ulidhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa uzazi au punde baadaye, wala si kwa laana. Mgongo nao huchoka. Baba yake ashike zamu. Shule ya Uhuru Mchanganyiko, si mbali nawe, hupokea watoto wenye ulemavu: nenda ukaonane na walimu, kisha uzungumze na wazazi wenzio wanaongoja langoni.