ELIMU YA AFYA: MENO YA UTOTO YANA KAZI, TUSIYAACHE YAOZE



Katika toleo hili tutajifunza juu ya kuoza kwa meno ya watoto na namna ya kuzuia. Najua wengine watasema: kuna malaria, kuna kuhara, mgao hautoshi, na wewe kijana unatuletea habari za meno? Mimi pia nilifikiri hivyo nilipoanza kazi hii ya kujitolea. Nilibadili mawazo nikiwa katika nyumba moja ya kijiji chetu.

Mama wa nyumba hiyo aliniambia kuwa mtoto wake wa miaka 3 hataki kula. Akipewa ugali anauweka mdomoni, analia, anautoa. Usiku anaamka ameshika shavu. Alikuwa amepimwa malaria mara mbili na hakukutwa nayo. Nilimpima mkono kwa utepe, ukasoma njano, na wiki chache nyuma ulikuwa umesoma kijani. Tukampeleka mlangoni penye mwanga, tukainua mdomo wake wa juu. Meno manne ya mbele yalikuwa yamebaki vipande vya rangi ya kahawia, na gego moja la chini lilikuwa na shimo la kuingia punje ya mtama. Chakula kilikuwepo nyumbani, ila mtoto alikuwa anakiogopa.

Mama akasema neno ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi: "Si ni meno ya utoto tu? Yatatoka yenyewe."

Ni kweli yatatoka. Lakini yatatoka lini? Mtoto ana meno ya utoto 20, yaani 10 juu na 10 chini. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka 6 hivi. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Kwa hiyo gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 3 linaweza kumtesa miaka 7 au zaidi, na hiyo ndiyo miaka ya kukua na ya kusoma. Tena meno hayo hulinda nafasi. Gego la utoto likitolewa mapema mno, meno ya jirani husogea na kuziba mlango. Jino la ukubwani linapofika linakuta njia imefungwa, nalo linatokea pembeni. Na usaha wa jino bovu unaweza kushuka na kuharibu jino jipya ambalo bado linajengwa ndani ya taya.

JINO LINAOZAJE?

Wazee wetu husema jino limeliwa na mdudu. Funza hayumo. Vilivyomo ni vijidudu vidogo sana, bakteria, vinavyoishi katika ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Sukari ikiingia mdomoni, vijidudu hivyo huila na kutoa tindikali. Tindikali hulainisha jino kidogo kidogo. Mate yetu huiosha na kulirudishia jino madini yake, lakini mate yanahitaji muda, kama nusu saa au zaidi kila baada ya kula kitu kitamu.

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo wengi tunapokosea. Tunafikiri kinachoozesha ni wingi wa sukari peke yake. Kumbe idadi ya nyakati nayo ina nguvu sana. Chukua watoto wawili, kila mmoja ana pipi 5. Wa kwanza anazila zote kwa pamoja baada ya chakula cha mchana. Meno yake yanakaa kwenye tindikali muda mfupi, kisha mate yanapata nafasi ya kufanya kazi. Wa pili anakula moja asubuhi, moja akitoka shule, nyingine akitumwa sokoni, na kadhalika mpaka jioni. Huyo amejiwekea nusu saa mara 5, yaani saa mbili na nusu za tindikali kwa siku moja. Sukari ni ile ile, lakini wa pili ndiye atakayetoboka meno mapema.

Pipi si peke yake. Biskuti, barafu za rangi za kwenye mfuko, soda, juisi ya pakiti, chai yenye sukari, muwa unaotafunwa mchana kutwa, vyote vina sukari. Biskuti ni mbaya zaidi kwa sababu inanata katika mashimo ya magego. Hata dawa ya maji ya kikohozi mara nyingi ni tamu. Mpe mtoto dawa kama ulivyoelekezwa, kisha mpe maji ya kunywa.

Usiku ni hatari kuliko mchana. Mtu akilala mate hupungua, na kitu kitamu kilichobaki mdomoni hukaa mpaka asubuhi bila kuoshwa. Mtoto anayelala na chupa ya chai ya sukari au juisi, meno yake ya juu ya mbele ndiyo huanza kuharibika. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mtoto niliyemtaja. Mama yake alikuwa akimtuliza usiku kwa chai kwenye chupa. Hakuwa mama mzembe. Nyumba zetu zimebanana, mtoto akilia jirani wote wanaamka, na yeye alikuwa anatafuta usingizi kama sisi sote. Kama mtoto wako amezoea chupa ya usiku, usiikate kwa siku moja. Punguza sukari kila siku chache mpaka libaki maji matupu.

Mambo mawili yasichanganywe na hayo. La kwanza, maziwa ya mama. Endelea kunyonyesha mpaka miaka 2 na kuendelea, ila meno yakishaota yasafishwe. La pili, mtoto aliye kwenye lishe, anayepewa uji wa unga wa lishe au pakiti za Plumpy'Nut, ale chakula hicho chote kama alivyoandikiwa. Kina sukari ndani yake, ni kweli, lakini utapiamlo unaua. Nimewahi kukuta bibi anaficha pakiti kwa kuhofia meno ya mjukuu. Shikamoo bibi, mpe ale, kisha mpe maji safi, na jioni umsafishe meno.

Kuhusu vitafunwa, sisemi mtoto asionje utamu kamwe. Akipata pipi, aile pamoja na chakula cha mchana, na kati ya mlo na mlo anywe maji. Njaa ya saa kumi inaweza kushibishwa na hindi la kuchoma, karanga kwa mtoto mkubwa, kiazi, au ugali uliobaki na sombe au ndagala. Mtoto wa chini ya miaka 2 hana haja ya kuwekewa sukari kwenye chochote unachompikia. Hajui utamu mpaka sisi tumfundishe.

JINO LA MIAKA 6

Somo hili linanigusa mimi mwenyewe. Nilizaliwa hapa kambini. Nikiwa na miaka 9 gego langu la chini liliniuma mwezi mzima. Nyumbani walisema ni la utoto, likitoka litaota lingine. Lilipokuja kung'olewa lilikuwa limebaki mzizi, na mpaka leo sijaota lingine. Lilikuwa jino la kudumu, na hatukujua.

Mtoto anapofikisha miaka 6 hivi, huota magego manne ya kudumu, mawili juu na mawili chini, nyuma kabisa ya magego ya utoto. Hayasukumi jino lolote. Hakuna kinachong'oka, hakuna damu, mtoto halalamiki, kwa hiyo mzazi haoni kama kuna kitu kipya. Yakiwa mapya yana mifereji mirefu juu, chakula kinakaa humo, na mswaki wa mtoto haufiki nyuma. Ndiyo maana haya huoza mapema.

Utayajua vipi? Mwambie mtoto afungue kinywa, anza kuhesabu kutoka katikati kwenda nyuma upande mmoja. Nafasi ya 1, 2, 3, 4, 5 ni za meno ya utoto au ya yale yaliyochukua nafasi zao. Pengo nalo lihesabu. Ukikuta la 6, hilo ni la kudumu. Likipotea, limepotea.

KUSAFISHA

Anza siku jino la kwanza linapochomoza, mara nyingi kwenye miezi 6. Kitambaa safi kilicholowa maji kinatosha mwanzoni, kisha mswaki mdogo laini. Mlaze mtoto kichwa kwenye mapaja yako, uso ukiangalia juu, mahali penye mwanga. Safisha mbele, nyuma, na juu ya magego. Mara mbili kwa siku. Ukishindwa, usiache ile ya usiku, na baada ya hapo asile chochote ila maji. Mpaka afike miaka 7 au 8, mikono yake haijaweza kazi hii. Mwache ajaribu kwa furaha yake, kisha wewe umalizie.

Dawa ya meno inayofaa ni yenye madini ya floridi, ambayo hukaza jino na kusaidia kurudisha madini yaliyopotea. Kwenye boksi tafuta neno linaloanza na herufi FLUOR. Kiasi chake ni kidogo sana: chini ya miaka 3, kama punje ya mchele. Miaka 3 mpaka 6, kama punje ya njegere. Picha za kwenye maboksi huonyesha dawa imejaa mswaki mzima, lakini mtoto hahitaji kiasi hicho. Kwa kipimo cha punje ya mchele, tyubu moja inakaa miezi mingi. Mtoto ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Tyubu iwekwe mbali naye. Akizoea kumeza dawa nyingi, meno yake ya kudumu yanaweza kuota na madoa.

Kama dawa imekwisha, mswaki na maji bado vinaondoa ule utando. Usikae bila kusafisha kwa kusubiri dawa. Mkaa uliosagwa na majivu hukwaruza jino na havina floridi, bora maji matupu. Kijiti cha mswaki walichotumia babu zetu kinafaa kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, kikitafunwa mpaka kitoe nyuzi laini. Siwaambii mtoke kukata miti nje ya kambi, hilo mnalijua wenyewe. Kila mtoto na mswaki wake. Wenye watoto sita na kikombe kimoja cha miswaki, fungeni uzi wa rangi tofauti kwenye kila mmoja.

MTOTO AKIUMWA JINO

Nimeona watu wakiweka kwenye jino unga wa betri, mafuta ya taa, tumbaku, au asipirini iliyosagwa. Vitu hivi huunguza ufizi na ulimi, na kidonda kinakuwa cha pili juu ya cha kwanza. Asipirini isipewe mtoto hata kwa kumeza bila agizo la daktari. Usimpe pia vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani. Safisha kinywa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kama anaweza kutema, mpe parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake ulichoelekezwa na mhudumu, na umpeleke zahanati. Wao ndio watakaoona kama anapaswa kupelekwa kwa daktari wa meno.

Shavu likivimba, au mtoto akipata homa pamoja na maumivu ya jino, mpeleke siku hiyo hiyo. Uvimbe ukishuka chini ya taya au ukipanda kwenye jicho, au mtoto akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Hata kama ni usiku wa manane, amsha jirani mkasaidiane.

Kabla ya kufika huko kuna dalili ya mapema. Kila mwezi, siku ile ya mgao ambayo hakuna anayeisahau, inua mdomo wa juu wa mtoto wako na uangalie meno karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chokaa, jino limeanza kupoteza madini lakini halijatoboka. Kwa floridi asubuhi na usiku, na kwa kuacha vitamu vya usiku, linaweza kukaza tena. Mstari ukishageuka kahawia na kuwa shimo, shimo halizibiki lenyewe, mpeleke akaangaliwe hata kama halimuumi. Wakati huo huo hesabu mpaka la 6. Kama huna uhakika na unachokiona, mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, mtaangalia pamoja hapo hapo mlangoni.