SOMO LA ROBO HII: Kupika Tambi za Kichina za Kukaanga na Kuku Nyumbani



Somo letu la robo hii linatupeleka jikoni. Tumechagua chakula kimoja tu, tambi za Kichina za kukaanga pamoja na kuku, kwa sababu tatu. Kwanza, nyama kidogo huwafikia watu wengi: gramu 100 za nyama isiyo na mfupa zinamtosha mlaji mmoja zikichanganywa na tambi na mboga. Pili, moto unaotumika ni wa muda mfupi. Tatu, chakula hiki kina hatari mbili zinazoweza kuleta maradhi, nazo ni kuku asiyeiva na tambi zilizolala bila friji. Hatari zote mbili zinazuilika, ila kwa mpishi anayezijua.

Tunaposema tambi hapa hatuna maana ya zile nyembamba zinazopikwa kwa sukari na nazi. Tunazungumzia tambi ndefu za ngano, zenye mayai au zisizo na mayai. Zikikosekana, spageti za kawaida zinafaa.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Tambi ni chakula cha kale sana nchini China. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kupatikana kwa bakuli lenye tambi katika machimbo ya Lajia, jimbo la Qinghai, ambazo umri wake ni takriban miaka 4,000. Kwa ujumla, watu wa kaskazini mwa China hula zaidi vyakula vya ngano, na wa kusini hula zaidi wali na tambi za mchele.

Jina la chakula chetu kwa Kichina ni chao mian: chao ni kukaanga huku unageuza, na mian ni tambi za ngano. Wahamiaji kutoka mkoa wa Guangdong walikipeleka California katika karne ya 19, na huko kikajulikana kama chow mein. Kila kilikofika kilichukua mboga za mahali pale, na ndiyo maana hatuoni shida kukipika kwa kabichi na karoti za soko letu.

KWA NINI HUKATWA VIPANDE VIDOGO?

Joto huingia ndani ya nyama polepole. Kipande chenye unene wa nusu huiva kwa takriban robo ya muda. Kwa hiyo Mchina hutumia muda mwingi kwenye ubao wa kukatia na dakika chache tu kwenye moto. Anayepika kwa mkaa au gesi ya kununua ataona faida yake mapema.

MAHITAJI (watu 4)

- Tambi kavu za ngano, gramu 300
- Nyama ya kuku isiyo na mfupa, paja au kidari, gramu 400
- Kabichi, robo ya kichwa kidogo
- Karoti 2 na pilipili hoho 1
- Majani ya vitunguu, fungu 1 dogo
- Kitunguu saumu, punje 3, na tangawizi ya ukubwa wa dole gumba
- Mafuta ya alizeti au mengine ya kupikia, vijiko 4 vya chakula
- Sosi ya soya, vijiko 3 vya chakula
- Konflawa, yaani wanga mweupe wa mahindi, vijiko 2 na nusu vya chai
- Sukari, kijiko 1 cha chai, na pilipili manga kidogo

Tafadhali msiongeze chumvi. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Aidha, sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Mgeni asiyeweza kula kimojawapo aelezwe kabla ya kupakuliwa.

HATUA ZA KUPIKA

1. Kuku. Kata nyama vipande vyembamba kama kidole kidogo, kwa kukata kukingama nyuzi zake. Changanya na kijiko 1 cha chakula cha sosi ya soya, vijiko 2 vya chai vya konflawa, pilipili manga na mafuta matone machache. Acha kwa dakika 20. Konflawa hufanya ngozi nyembamba juu ya nyama, na ngozi hiyo huzuia maji ya nyama yasikauke.

2. Mchuzi. Katika kikombe weka vijiko 2 vya sosi ya soya vilivyobaki, maji vijiko 3 vya chakula, sukari, na nusu kijiko cha chai cha konflawa. Koroga.

3. Mboga. Kata karoti na hoho nyembamba kama njiti, kabichi kama ya kachumbari, na majani ya vitunguu urefu wa vidole viwili. Ponda kitunguu saumu na tangawizi. Kila kitu kiwe tayari katika sahani yake kabla ya kuwasha moto, kwa maana moto ukishawaka hapana nafasi ya kumenya karoti.

4. Tambi. Chemsha katika maji mengi, ukizitoa dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Zimwage kwenye chujio, zisuuze kwa maji baridi safi ya kunywa, kisha zikung'ute vizuri na kuzipaka mafuta kijiko kimoja. Maji baridi husimamisha kuiva na huondoa wanga unaozifanya zigandamane. Maji yakibaki ndani yake yatapoza karai, na tambi zitachemka badala ya kukaangika.

5. Moto. Pasha karai mpaka tone la maji likidondoka linatoweka mara moja. Weka kijiko kimoja na nusu cha mafuta. Tandaza kuku bila kurundika, acha kwa dakika moja apate rangi, kisha geuza kwa dakika 3 hadi 4. Pasua kipande kinene kuliko vyote: kusiwe na rangi ya waridi wala maji yenye damu. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 74 za Selsiasi. Toa kuku, weka katika sahani safi.

6. Mboga. Weka kijiko kimoja na nusu cha mafuta yaliyobaki. Tia tangawizi na kitunguu saumu kwa nusu dakika, kisha karoti, baada ya dakika moja hoho na kabichi. Geuza kwa dakika 2. Mboga ziwe na mng'ao na bado zinalia mdomoni.

7. Kumalizia. Rudisha kuku, weka tambi, mimina mchuzi kuzunguka ukingo wa karai. Geuza kwa mwiko na uma kwa dakika 2 mpaka kila uzi wa tambi upate rangi. Tia majani ya vitunguu, epua, pakua mara moja.

KUKU WA KIENYEJI

Kuku wa kienyeji aliyekomaa hafai kukaangwa akiwa mbichi kwa njia hii, atakuwa mgumu. Mchemsheni kwanza mpaka alainike, chambueni nyama, na supu yake mwitumie badala ya maji katika mchuzi wa hatua ya 2. Nyama hiyo haihitaji konflawa. Iingizwe katika hatua ya 7 na ipate moto barabara.

HATARI YA KWANZA: KUKU MBICHI

Kuku mbichi mara nyingi hubeba vijidudu viitwavyo salmonela na kampilobakta. Moto huviua, lakini kisu, ubao na mikono huvihamisha kwenye mboga. Kateni mboga kwanza, kuku baadaye. Osheni ubao, kisu na mikono kwa sabuni. Sahani iliyobeba kuku mbichi isirudi kubeba aliyeiva.

Nyama iliyonunuliwa ikiwa imeshasafishwa haina haja ya kuoshwa tena. Mwaka 2014 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza uliwaomba wananchi waache desturi hiyo, kwa sababu maji yanayoruka husambaza vijidudu jikoni. Kuku aliyechinjwa nyumbani lazima asafishwe, lakini kazi hiyo ifanyike mbali na mboga na vyombo, na mahali pale paoshwe baadaye.

HATARI YA PILI: TAMBI ZILIZOLALA

Wengi wetu huogopa nyama iliyolala na kuamini wali au tambi. Tunaomba jambo hili litazamwe upya. Mwaka 2008 huko Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alikula spageti zilizopikwa siku 5 kabla na kuachwa jikoni bila friji. Alizipasha moto, akala, akaanza kutapika, na kufikia asubuhi ya pili alikuwa amefariki.

Kijidudu kinachohusika kinaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake huvumilia maji yanayochemka. Chakula kikipoa na kukaa katika joto la chumba, mbegu huamka, huongezeka na kutengeneza sumu. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kupasha moto. Vifo kama kile ni nadra, lakini kutapika na kuharisha kwa sababu hii kunatokea. Basi kanuni ni fupi: tambi zilizopikwa zisikae nje zaidi ya saa 2. Zilizobaki ziingie kwenye friji zikiwa katika chombo kipana ili zipoe upesi, na ziliwe ndani ya siku 2. Pasipo friji, pikeni za kutosha mlo mmoja tu.

KUPIKIA MKUTANO

Kamati ikipika kwa watu 40, itahitaji kilo 3 za tambi na kilo 4 za nyama isiyo na mfupa. Hata hivyo msijaze karai moja. Karai iliyojaa hupoa, mboga hutoa maji, kuku wa katikati hubaki mbichi. Kaangeni kwa mafungu ya watu 4, yaani mafungu 10. Fungu moja huchukua kama dakika 10, hivyo karai moja itamaliza kwa dakika 100 na karai mbili kwa dakika 50. Tunashauri mbili, ili fungu la kwanza lisikae sana likisubiri la mwisho. Vilevile, wageni wa kwanza waanze kula bila kungoja meza nzima.

Jiko la mkaa liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwani hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu. Mafuta yakishika moto, msimwagie maji kamwe: funikeni karai kwa mfuniko na kuzima jiko.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KAMATI

1. Katika mikutano yetu, chakula hupikwa saa ngapi na huliwa saa ngapi? Muda huo ni zaidi ya saa 2?
2. Jiko letu lina mbao mbili za kukatia, au moja inafanya kazi zote?
3. Nani ana jukumu la kuamua kwamba chakula kilichobaki kitupwe, na je, tunamsikiliza?
4. Ni mboga zipi za msimu katika eneo letu zinazoweza kuchukua nafasi ya kabichi na hoho?

Swali la tatu ndilo gumu, kwa kuwa kutupa chakula kunaumiza moyo, hasa chakula kilichochangwa. Ni vyema kamati imteue mtu huyo kwa jina kabla ya siku ya mkutano, na kupima idadi ya walaji vizuri ili asiwe na kitu cha kutupa. Tunawatakia mapishi mema.